Nitamtawadhaje miguu, na pesa yangu hajanilipa?

Shangazi, shikamoo. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Musoma, nauza vitenge na mitumba ya watoto. Nimezaliwa na kulelewa ndani ya Kanisa la Mennonite. Marehemu baba yangu alikuwa shemasi, na mimi mwenyewe nilibatizwa ziwani nikiwa na miaka 17. Sijawahi kumwandikia mtu mambo yangu, ila hili limenishinda, na Meza ya Bwana imeshatangazwa. Zimebaki wiki tatu.

Mwaka jana mwezi wa tatu tulivunja kikoba, nikapata mgao wangu. Kuna mwenzangu, nimwite Mama K. Tumeimba kwaya moja miaka tisa na kanisani tunakaa benchi moja. Yeye ni wa dagaa: ananunua mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, anaanika, anasafirisha. Alikuja nyumbani jioni akaniomba shilingi 1,200,000. Alisema giza hilo, yaani siku zisizo na mbalamwezi dagaa wanapovuliwa kwa taa, wavuvi wamepata sana, bei imeanguka, akinunua sasa na kuuza mbalamwezi ikiingia, faida ipo. Miezi miwili tu. Nikamwambia tuandikishane hata kwenye daftari la mtoto. Akacheka: "Mwenzangu, sisi si Wamennonite? Ndiyo yetu si ndiyo?" Niliona aibu. Nikamhesabia.

Mwezi wa sita akanirudishia 200,000. Akasema mvua ilimkuta ameanika, dagaa wakaharibika, akawauza kwa bei ya chakula cha kuku. Sikumbishia. Tangu hapo, kimya. Nikipiga simu inaita mpaka inakata. Lakini tukikutana kanisani ananikumbatia mbele za watu, "dada yangu kipenzi". Mwezi wa kumi na moja nikapita kwake nikaona anapaua nyumba, bati za msauzi, nyekundu. Nilitetemeka, Shangazi. Usiku ule nikarekodi sauti kwenye kundi la WhatsApp la akina mama wa kanisa, nikasema wako watu wanaezeka kwa jasho la wenzao halafu Jumapili wanaimba sauti ya kwanza. Jina sikutaja, ila hakuna asiyejua. Hazikupita dakika kumi akajitoa kundini.

Nilikwenda kwa mzee mmoja wa kanisa. Alinisikiliza kidogo, akanisomea 1 Wakorintho 6 kwamba ndugu hashtaki ndugu, akanihadithia habari za Dirk Willems aliyemwokoa adui yake kwenye barafu, akamalizia: "Samehe, binti yangu. Sisi ni kanisa la amani." Nimefika nyumbani ndipo nikakumbuka kuwa mzee yule ni shemeji yake Mama K. Mume wangu si wa kanisa letu. Yeye anasema Wamennonite tumezoea kuonewa hadi tunadhani ni karama, na anataka tumpeleke polisi.

Kilichobaki ni beseni. Kwetu baada ya mkate na kikombe tunatawadhana miguu, wanawake upande wao, wanaume wao. Unamwosha jirani yako wa benchi, anakuosha, mnakumbatiana. Meza iliyopita nilitoka nje kama naenda msalani, nikakaa chini ya mwembe nasikia maji yanamiminwa ndani. Mwanangu mkubwa, ana miaka 12, aliniona. Tukiwa njiani akaniuliza, "Mama, mbona ulikimbia?" Sikuwa na jibu.

Nimwoshe na uchungu wangu, niwe mnafiki? Nitoke tena? Nihame kanisa? Au niende mahakamani, potelea mbali?

Mama wa benchi la tatu, Musoma

* * *

Marahaba, mwanangu. Amina.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilisimama pale chini ya mwembe. Napajua. Mimi pia nimekulia Mara, katika kanisa hilohilo, na maji ya beseni yana sauti yake: haifanani na ya kuoga wala ya kufua.

Kwa wasomaji wasio wa kwetu niseme kidogo. Ukimwambia mtu wa pwani "kutawadha" atafikiria udhu. Sisi neno hilo tumelipata kwenye Yohana 13, Yesu alipojifunga kitambaa, akatia maji katika bakuli na kuwatawadha wanafunzi wake miguu, akasema imewapasa na wao kutawadhana. Makanisa mengi husoma sura ile na kupita. Wamennonite wengi waliichukua kama agizo. Ungamo la imani waliloandika Dordrecht, Uholanzi, mwaka 1632 lina vifungu 18, na kimojawapo ni hicho cha kutawadhana. Wamisionari waliofika Shirati mwaka 1934 walitoka kwa Wamennonite wa Pennsylvania waliokuwa wakilishika ungamo hilo, ndiyo maana leo mama wa Musoma ananyimwa usingizi na beseni la plastiki.

Sasa tuongee. Nitaanza na usichokitarajia.

Wewe umeniuliza nini cha kufanya kwenye beseni. Mimi nauliza: tangu mwezi wa sita, umewahi kukaa na Mama K, wewe na yeye tu, ukamwambia, "Umeniumiza"? Nimetafuta kwenye barua sijaona. Nimeona simu zisizopokelewa. Nimeona sauti kundini. Nimeona safari ya kwa mzee, barua ya kwangu, na mume anayetaka polisi. Watu wote wa kanisani wameshalisikia jambo hili isipokuwa yule mmoja, ambaye amelisikia kupitia kwao. Mathayo 18 unaijua kwa kichwa, binti wa shemasi: "Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu." Peke yenu ndiyo hatua ya kwanza, na wewe uliiruka ukaangukia moja kwa moja kwenye "liambie kanisa", tena kwa WhatsApp.

Sikugombezi. Nikiona bati za msauzi nyekundu juu ya pesa yangu, hata mimi simu ingeniwasha mkononi. Lakini hebu isome Mathayo 5 polepole, ile ya kuiacha sadaka madhabahuni. Haisemi ukikumbuka kuwa wewe una neno juu ya ndugu yako. Inasema ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako. Mama K ana neno juu yako, tangu usiku ule. Deni ni lake, sauti ile ni yako. Hazilingani uzito, wala sisemi moja inafuta nyingine. Ila kati ya hizo mbili, ambayo iko mkononi mwako kuimaliza ni moja.

Halafu hizo bati. Unajua zimenunuliwa na pesa ya nani? Huenda ni mume wake, huenda ni mtoto aliye Mwanza, huenda kweli ni yako. Hujui. Na usipojua, usiziingize kwenye maneno yako hata kidogo, maana ukizitaja tu mtabishana bati mpaka jioni na deni litalala palepale.

Nije kwa mzee wenu. Hapa nitasema kwa sauti kidogo.

Habari ya Dirk Willems ni ya kweli na ni yetu. Mwaka 1569, kule Asperen, Uholanzi, alikuwa anakimbia kukamatwa kwa sababu ya imani yake. Akavuka maji yaliyoganda, aliyekuwa akimfukuza barafu ikampasukia akazama, Dirk akarudi akamtoa. Akakamatwa, akachomwa moto. Sasa ngoja nikumalizie sehemu ambayo wazee hupenda kuiruka. Yule aliyeokolewa alitaka kumwachia aende zake. Aliyekataa ni mkubwa wa mji, aliyekuwa amesimama kando, salama, akimpigia kelele akumbuke kiapo chake. Kwa hiyo kulikuwa na watu watatu pale, si wawili. Mmoja kazama, mmoja kalowa akimtoa, na wa tatu yuko ukingoni anatoa maagizo. Mzee anayekwambia usamehe milioni moja, naye hajamwita shemeji yake hata kumuuliza, mwambie kwa heshima zote ajitazame amesimama wapi kwenye hadithi yake mwenyewe.

Na 1 Wakorintho 6 alikusomea nusu. Paulo anasema kweli ni aibu ndugu kumshtaki ndugu mbele ya wasioamini, na kwamba afadhali mtu akubali kudhulumiwa. Wazee wetu wamelichukua hilo kwa uzito kwa karne nyingi na sitalidhihaki. Lakini katikati pale Paulo anauliza kama kweli kwao hakuna hata mtu mmoja mwenye hekima awezaye kukata maneno ya ndugu zake. Maana yake kanisa linakuzuia kwenda mahakamani kwa sababu kanisa lenyewe litakaa chini liamue. Likikataa kuamua, limekuzuia kwa haki gani? Kisha mstari wa nane unawageukia waliodhulumu, na maneno ni makali kuliko aliyokuambia wewe. Huo ndio ulistahili kusomwa nyumbani kwa shemeji.

Kuachilia deni ni jambo zuri, na pengine utafika huko. Ila ni lako. Anayesamehe deni ni anayedai. Mtu mwingine akilisamehe kwa niaba yako, amegawa pesa isiyo yake.

Mume wako nampenda, mwambie hivyo. Lakini polisi aache. Deni la kukopeshana kwa hiari ni madai, si jinai. Watamtisha, atakimbilia kwao, na wewe utabaki na milioni yako hewani pamoja na uadui na ukoo mzima.

Basi nenda kwake. Na mwenye biashara ya dagaa ana kalenda yake: usiende wakati wa giza, maana usiku hapati usingizi, alfajiri yuko mwaloni anagombea mzigo, mchana yuko juani anageuza. Ukimfuata kule utakuwa umemwaibisha mbele ya wavuvi na wateja, na hiyo si "peke yenu". Subiri mbalamwezi, taa zimezimwa, mitumbwi iko kavu, yuko nyumbani ana muda. Katika wiki zako tatu lazima mbalamwezi itapita. Nenda saa kumi jioni, usiende na mtu.

Anza na lako. "Mama K, ile sauti niliyotuma kundini nilikosea. Nilipaswa kuja kwako. Nisamehe." Halafu nyamaza. Usiweke "lakini" hapo, hata kama inakuwasha ulimini. Mwache aseme. Anaweza kulia, anaweza kukufokea, anaweza kukwambia mambo ambayo hukuyajua kuhusu mvua ile na mzigo ule. Msikilize mpaka aishe. Ndipo useme la pili: "Nakudai 1,000,000. Imeniumiza, na ulivyonikumbatia kanisani bila kuligusa imeniumiza zaidi. Naomba tupange."

Mpange kwa lugha ya kazi yake. Mwisho wa mwezi ni wa waajiriwa, yeye pesa yake inakuja kwa magiza. Laki moja kila giza likiisha ni magiza kumi, mmemaliza. Akisema laki haiwezekani, elfu hamsini. Kidogo kinachofika ni bora kuliko kikubwa cha kuahidiwa, na wewe mwenye duka la nguo hilo unalijua.

Na safari hii muandikishane. Alikushika kwa lile neno la ndiyo yetu ni ndiyo, na limeniudhi, kwa sababu ni neno zuri lililotumika vibaya. Wamennonite walikataa kuapa kwa sababu ya Mathayo 5, kwamba mtu wa kweli hahitaji kiapo ili asadikike. Kuandika si kuapa. Kuandika ni kuisaidia ndiyo yako isisahaulike. Karatasi moja: kiasi, tarehe, sahihi mbili. Mkataba kamili wa wakili hauhitajiki.

Akikataa kukuona, au akakana, rudi na wawili. Mmoja umchague wewe, mmoja umwambie achague yeye, na asiwe yule mzee. Mwambie mchungaji wazi kwamba shemeji hawezi kuamua shauri hili. Si tusi kwa mtu, ni utaratibu. Wakishindwa hao, liende mbele ya baraza la wazee, na uombe waamue kabla ya Meza. Hilo la "kabla ya Meza" si wazo langu. Mwaka 1527, Waanabaptisti, mababu zetu wa imani, walipokutana Schleitheim, mpakani mwa Uswisi na Ujerumani, waliandika vifungu saba tu, na katika kile cha maonyo walisema aliyekosa aonywe mara mbili kwa siri, ya tatu mbele ya kanisa zima, na hayo yamalizwe kabla ya kuumega mkate. Walikuwa watu wa kuwindwa. Wiki saba tu kabla ya hapo mwenzao Felix Manz alikuwa amezamishwa mtoni kule Zürich kwa kosa la kubatiza watu wazima. Wangeweza kusema tuna mambo makubwa, habari za madeni na ugomvi zingoje. Hawakusema. Kwao, mtu mzima kubatizwa kulikuwa ndiko kukubali kuonywa na wenzake, na kukubali kuwaonya. Wewe uliyakubali hayo ziwani una miaka 17. Mama K pia.

Bibi yangu alikuwa msichana Shirati uamsho ulipoanza, mwaka 1942. Alipenda kutusimulia habari za kulia na kuimba, lakini sehemu iliyomfanya acheke mpaka leso ianguke ni ya asubuhi zake: watu njiani wamebeba vitu. Huyu ana jembe la jirani, yule anaswaga mbuzi, mwingine kashika sahani ya mzungu aliyekuwa akimfanyia kazi. Vinarudishwa. Mtu anagonga hodi, anasema "hiki ni chako", anaondoka hana pa kuficha uso. Bibi alisema walikuwa hawangoji kuulizwa. Nakumbuka hilo kila nikisikia mtu anatumia neno "amani" kumfunga mdomo anayedai chake.

Na mahakama? Baada ya yote hayo, kama amekana au kanisa limekaa kimya, Mahakama ya Mwanzo inapokea madai ya kiasi hicho. Wazee wengi wa kwetu hawatakubaliana nami, na wanayo maandiko yao. Mimi naona kanisa lililopewa nafasi tatu za kukata shauri na kuzikataa zote halina tena la kumwambia mama anayetafuta ada ya watoto. Ila usianzie huko, na ukifika huko, mwambie Mama K na mchungaji kwa mdomo wako kabla hati haijawafikia.

Sasa beseni lako.

Kama mmeonana, ameongea, mmeandikishana, basi mwoshe, hata kama hajakulipa senti. Uchungu utakuwepo, na huo si unafiki. Unafiki ni kujifanya hakuna deni. Ninyi mtakuwa mmekaa mbele ya kanisa kila mmoja akijua ni shilingi ngapi zimebaki. Sijui kama kuna miguu inayosema ukweli kuliko ya muuza dagaa: visigino vimepasuka kwa mchanga wa moto, magamba yamenasa kwenye kucha hata akisugua kwa jiwe. Utaishika, utaona mwaka wake ulivyokuwa.

Kama hamjaonana kwa sababu amekukimbia, usimwoshe. Lakini usitoroke tena. Siku mbili kabla, mwambie mchungaji: "Meza hii sitatawadhana na Mama K, kwa sababu nimemfuata mara hizi na amekataa. Nitakaa ndani." Kisha ukae ndani, kwenye benchi lako. Anayepaswa kutafuta mlango si wewe. Na kijana wako mwambie ukweli kabla hamjatoka nyumbani, kwa kiasi cha miaka 12: kuna jambo kati yangu na mama fulani, ninajaribu kulimaliza. Atakuelewa kuliko unavyodhani. Ameshaona.

Kuhama kanisa hata sitajibu. Utahama na hasira yako, na huko nako utakuta benchi.

Pale kundini, baada ya kuonana naye, rekodi sauti nyingine. Fupi. Uliongea mbele ya wote, omba radhi mbele ya wote, na usilitaje deni.

Siku ya kwenda kwake usiende mikono mitupu. Beba kilo ya sukari na majani ya chai. Akikwambia ndani hamna hata cha kukukaribisha, mtachemsha hiyohiyo.

Shangazi